Hundi ya Kupima

Mwenye fremu zetu za biashara aliamka siku moja akakataa hela.

Kodi aliitaka, tena ya miezi sita kwa mpigo kama kawaida yake. Alichokataa ni noti na hela za simu. Noti alisema zinachafua mikono. Simu ilikuwa imemliza: mtu alimpigia akajifanya mpwa wake aliyelazwa, mzee akatuma hela haraka, na mpwa mwenyewe yuko hapohapo sebuleni anakunywa chai. Baada ya hapo akatubandikia tangazo milangoni, kwa mwandiko mzuri wa karani mstaafu wa reli. Kodi italipwa kwa hundi tu, kabla ya mwezi kuisha. Atakayeshindwa arudishe funguo.

Tulikuwa wapangaji watatu, hapa Tabora mjini. Mimi na cherehani yangu, nashona sare za shule. Kulia kwangu msusi. Kushoto mama wa asali, anayeletewa ndoo zake kutoka Sikonge. Na mbele yetu, chini ya mwavuli, alikaa baba mmoja wakala wa hela za simu, ambaye jua lilimchosha na fremu yangu ilimpendeza. Tangu tangazo libandikwe, salamu yake ikawa moja: "Mama sare, funguo lini?"

Mimi nisingerudisha. Fremu ile imesomesha wanangu, ikanisomesha na mimi. Nilikuwa nashona mpaka alasiri, naswali, nafunga fremu, naenda darasa la jioni na daftari chini ya mtandio. Wateja wangu ni wazazi wa shule mbili za jirani. Nikisogea hata mtaa mmoja wananisahau.

Basi nikaswali rakaa mbili nikaenda benki. Dada wa dirishani akaniambia akaunti yangu ni ya akiba, na hundi hutolewa kwa mwenye akaunti ya hundi, ambayo haina riba. Nikamwambia alhamdulillahi, hiyo riba yenyewe nilikuwa naikimbia. Nikajaza fomu, nikaleta picha, nikaleta barua ya mtendaji wa mtaa ya kuthibitisha kwamba mimi ni mimi. Mwisho akanitajia bei. Kila karatasi ya hundi inalipiwa, na kitabu kina karatasi hamsini.

Nikapiga hesabu palepale, darasa la jioni halikupotea bure. Kodi ni mara mbili kwa mwaka. Karatasi hamsini ni miaka ishirini na mitano, na mwenye fremu ameshapita themanini.

"Nipimie moja," nikasema.

"Nini, mama?"

"Hundi. Nipimie moja tu."

Sikuona ajabu yake. Huku kwetu mafuta ya kula tunapimiwa, sukari tunapimiwa, hata mama wa asali, akimhurumia mwenye mafua, humpimia kijiko kimoja. Dada akaenda kuuliza ndani, akarudi ameuma mdomo asicheke. Hundi hazipimwi. Nikajaribu benki ya pili. Kule kitabu kilikuwa na bei nafuu kidogo, lakini ungeanza tena na fomu, na picha, na barua ya kwamba wewe ni wewe.

Dawa ilitoka kwa msusi. Kwani gunia la mchele tunanunuaje? Tunachanga, tunagawana. Na hundi zote zinaishia kwa mzee yuleyule.

Tukachanga. Kitabu kilipofika tulitandika mkeka ndani ya fremu yangu, nikasema bismillahi, nikachukua mkasi wa kukatia vitambaa nikazikata moja moja. Kumi na sita kila mtu. Zikabaki mbili, wenzangu wakanipa mimi kama nyongeza, kwa kuwa ndimi niliyesimama foleni. Jina langu lilikuwa limechapwa kwenye kila karatasi. Tuliliona. Mama wa asali akasema hilo ni la mnunuzi tu, kama jina la duka kwenye risiti. Na mimi, mwenye cheti changu cha jioni ukutani, nikaitikia ndiyo.

Kila mtu akaandika kodi yake akatia saini. Msusi aliichorea yake ua mwishoni. Mzee akazipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyeletewa mtoto mchanga.

Siku ya tatu nikaitwa benki. Nilimkuta mzee amekaa kwa meneja na fimbo yake, na hundi zetu zimepangwa mezani.

"Mama, una saini ngapi?" meneja akauliza.

"Moja."

"Na hii yenye ua?"

"Ya msusi."

"Na hii inayonata?"

"Ya mama wa asali."

Akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mgonjwa. Karatasi zote zile zinachota kwenye akaunti yangu mimi, na mwenye kuruhusu ni saini yangu peke yake. Kwa kuona saini tatu tofauti kwenye kitabu kimoja, benki ilihisi wizi, ikazizuia zote, na yangu ikiwemo. Mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili.

Kisha akanipa mlango wa kutokea. "Ukisema hao wawili walikuibia karatasi, hundi yako inapita leo."

Mzee akanitazama. Nikaiona fremu yangu, nikauona na mwavuli umeshaingizwa ndani.

"Hawakuiba," nikasema. "Nilizikata mwenyewe, kwa mkasi wangu."

Mzee akasogeza kiti.

"Kwa mkasi?" akasema. "Mwanangu, hundi ina vitundu vya kuchania. Miaka yote niliyokaa ofisini sijaona mtu aliyeikata hundi kama khanga." Akaanza kucheka mpaka fimbo ikaanguka. Alipopata pumzi akamwambia meneja kwamba kwake yeye hundi ni hundi. Wenzangu wakiweka kodi zao kwenye akaunti yangu, nimwandikie moja ya fremu zote tatu.

Mchana uleule wakaziweka, kwa simu, kupitia kwa wakala wetu wa mwavuli. Alizihamisha moja moja amenuna, akakata ada yake, na ya funguo hakuuliza.

Karatasi zote wenzangu wamenirudishia, ziko kwenye droo ya cherehani. Kila baada ya miezi sita wanakuja kukaa mkekani, mimi naandika, wao wananikagua. Msusi akiingia hunipa shikamoo ya mwenye nyumba, na mimi naitikia marahaba bila aibu. Zilibaki arobaini na sita, sawa na miaka ishirini na mitatu. Nilimweleza mzee hesabu hiyo. Akasema yeye hana haraka.