Grafini kwenye Bomba la Kiti

Mume wangu, Barrie Openshaw, aliendesha basi la Barabara ya Oxford mpaka alipostaafu. Basi hilo lilipita mbele ya chuo kikuu cha mji wetu, na kwa kuwa humo ndimo wataalamu walimobandua grafini kwa mkanda wa gundi, yeye anajiona kama alishika ncha moja ya mkanda. Ukimkuta baa atakueleza: ni kaboni ileile ya penseli, ila imebanduliwa mpaka ikabaki tando nyembamba kupita kiasi. Tando hizo huteleza moja juu ya nyingine, chuma kisisagane na chuma. Atakueleza hata kama umekuja kunywa tu.

Shida yake ilikuwa moja: kumshinda kaka yangu Leonard. Kila mwaka, kwenye mashindano ya baiskeli ya wazee wa klabu, Leonard anaanza dakika moja nyuma yake na kumpita kabla ya mwisho. Safari hii ilikuwa nafasi ya mwisho ya Barrie, maana hospitali ilikwishapanga kumbadilisha goti na kumkataza mashindano. Mtu mwenye akili angepunguza tumbo. Barrie alinunua kopo la unga mweusi wa grafini.

Aliyeyusha nta kwenye sufuria yangu ya mchuzi wa kondoo, akakoroga unga wake humo, akatumbukiza cheni.

"Na mimi nitapikia wapi?" nikamuuliza.

"Pikia humohumo, mke wangu. Chakula kitashuka bila kukwama."

Cheni ilinyamaza kweli, hilo simnyimi. Laiti angeishia hapo. Lakini bomba la kiti, lile linaloingia kwenye fremu na kukishikilia kiti juu, lilikuwa likilia kila akikanyaga, na alijua Leonard atalisikia na kumtania hadi Krismasi. Basi akalichomoa, akalipaka unga uliobaki, akalirudisha akijipongeza. Bomba la kiti, jamani. Kitu ambacho kazi yake yote ni kung'ang'ania mahali pake.

Jumapili asubuhi nilisimama karibu na mstari wa mwisho, baridi ikinitafuna. Barrie alipotokea, kiti kilikuwa kimezama chote, magoti yanakaribia kumpiga kidevu, kama mzee aliyemnyang'anya mjukuu baiskeli.

"Shuka ukipandishe," nikamwambia.

"Nikishuka atanikuta."

Hata hakumaliza kusema, Leonard akampita palepale mbele yangu, tena akampungia mkono. Nilimwonea Barrie haya, nikamkasirikia kwa kunifanya nione haya.

Ukumbini, kwenye chai na keki, Barrie alikaa pembeni akikanda goti lake. Hakumtazama mtu. Leonard akamfuata na kikombe chake, akipaza sauti ili meza zote zisikie.

"Shemeji, hiyo cheni yako haina sauti kabisa. Nimekuja nyuma yako sisikii kitu, nikadhani umesimama."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mimi nikacheka kuliko wote. Nilikuwa bado nacheka Barrie aliponigeukia, uso umemng'aa kama siku ya harusi yetu.

"Umesikia, Doreen?" akasema polepole. "Leonard mwenyewe kasema haina sauti."

Nikamjibu kwamba nimesikia.