Mume Wangu Anaitwa Mlevi kwa Ajili Yangu

(Aliyetuandikia haya ni msomaji wetu wa milima ya Usambara. Jina lake tunalijua sisi tu, na hapa halitatajwa.)

Ndugu wasomaji, mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, nina watoto wanne, nakaa kijiji kimoja upande wa Mlola. Mume wangu ni mkulima, Mlutheri wa kuzaliwa, mtu ambaye hata siku ya harusi yake hakuonja pombe. Mlevi ni mimi. Hapa kwetu hakuna anayelijua hilo ila yeye na shangazi yangu mmoja, na mimi nimechoka kulibeba.

Nilianza baada ya kumzika mtoto wangu aliyekufa kwa surua. Nilikuwa silali. Shangazi yangu, ambaye hupika pombe ya miwa na kuiuza siku za gulio, akanipa kibuyu: "Kunywa kidogo, mwanangu, upate usingizi." Usingizi niliupata kweli. Baadaye nikawa naenda kumsaidia kukamua miwa, na malipo yangu nayanywa huko huko. Nikirudi nilitafuna majani ya mpera, eti nisinuke. Nani nilikuwa namdanganya? Mume wangu alinisema, akaniombea, akalia. Mimi nilikuwa mkali kama pilipili, nikimjibu kwamba yeye hajui uchungu wa kuzaa. Mpaka siku niliyolewa nikalala jikoni, kitinda mimba wangu akaangukia motoni. Alipona, lakini mkono wake wa kushoto haukunjuki mpaka leo.

Baada ya hapo nikasikia kuna watu walioacha pombe, wanakutana kila Alhamisi jioni, kazi ya shamba la kijiji ikiisha, kwenye darasa la kisomo cha watu wazima. Aliyewakusanya ni fundi cherehani mmoja aliyewahi kulala mitaroni. Hakuna dawa wala mahubiri. Mtu anasimama anaeleza yaliyompata, wenzake wanasikiliza, na akizidiwa na hamu anajua mlango wa nani akabishe. Nikaenda. Ndani nikakuta wanaume tu. Nikasimama, nikasema, "Pombe imeniharibia nyumba. Mtoto wangu ameungua." Kilio kikanizuia kuendelea.

Fundi akainuka. "Pole sana, mama. Sisi wanaume tumewatesa mno wake zetu. Huyo mumeo tutamfuata."

Jamani, nilipaswa kusema hapo hapo. Badala yake nikaenda zangu nyumbani.

Jumapili wakaja watatu. Mume wangu alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Fundi akamwambia, "Ndugu yetu, usituonee haya, sisi sote tulikuwa huko huko. Mkeo ametueleza." Mume wangu akanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Akaweka panga chini, akasema, "Nimewasikia. Alhamisi nitakuja."

Walipoondoka nikamwuliza kama ameingiwa na wazimu. Akanijibu taratibu, "Ukisema ni wewe, pale hawakutaki tena. Mwanamume akilewa watu humhurumia, mwanamke wanamfukuza. Na mama yangu atakuja kuwachukua watoto, unamjua. Wewe kaa pale usikilize. Mimi nitasema."

Na akasema. Alhamisi baada ya Alhamisi alisimama mbele ya wale wanaume akisimulia maisha yangu kwa kinywa chake. "Nilianza kunywa tulipomzika mtoto. Nilimwacha mdogo karibu na moto, nimelala." Mimi niko nyuma, upindo wa kanga mdomoni, nasikia kila neno. Sitaficha, yale ndiyo yaliyoniponya. Wale wanaume walinifundisha namna ya kumchunga mume asirudie: asiende gulioni, asikae na njaa, asipite kwa wapika pombe. Yote niliyafanya mimi. Kwa shangazi sikukanyaga tena. Tangu mvua za vuli sijaonja hata tone.

Lakini yeye amelipia. Kanisani wamemvua uzee wa kanisa, na kwenye Meza ya Bwana hasogei. Kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti alimsimamisha kama mfano wa watu wanaourudisha ujamaa nyuma, na wanakijiji wakacheka, wakiwemo aliowachimbia makaburi ya wazazi wao. Mama mkwe ananishika mkono ananiambia, "Pole, mwanangu, nimekuzalia balaa." Maziwa ananiletea mimi. Mwanawe akimwamkia shikamoo, haitikii. Na mimi nimeyapokea maziwa yale, nikayanywa.

Juma lililopita alirudi ananuka. Nilidhani pua inanidanganya, mimi ninayeijua harufu ile kuliko sala. "Baba watoto, umefanya nini?" Akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake. "Si ndivyo wanavyoniita? Nimechoka kuitwa bure." Nikamwambia basi, nakwenda kusema ukweli. Akanikamata mkono kwa nguvu. "Ukithubutu, watoto wote wanaondoka. Na haya yote niliyokula yawe ya bure?"

Alhamisi akasimama kama kawaida. Akasema, "Ndugu zangu, jana nilikunywa." Wakampigia makofi, wakamshika mabega, fundi akamwambia hiyo ndiyo njia, kuanguka na kusema. Hawakujua kwamba siku ile ndiyo kwanza alikuwa anasema habari zake mwenyewe.

Wenzangu, nikifungua mdomo, mama mkwe anachukua watoto, na mahali pekee panaponishikilia panafungwa. Nikinyamaza, namwangalia anazama kwenye shimo nililotokea mimi. Yeye alinitoa, mimi nimtoe vipi? Mwenye akili zilizotulia aniambie la kufanya. Jana alikwenda gulioni, na mpaka naandika hapa hajarudi.