Jivu la Watu wa Chini

Kaka yangu alikuwa na kabila lake. Sisemi hili letu la kuzaliwa. Nasema kabila alilolitunga mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yetu kule Bukima, sindano ya kushonea nyavu mkononi, ule mguu wake uliokauka tangu utotoni ameunyoosha mbele kama wa mtu mwingine. Aliwaita Watu wa Chini. Waliishi chini ya ziwa pamoja na ng'ombe wao, mihogo yao na ugomvi wao wa mipaka. Nilipomuuliza walifikaje huko, alisema hawakufika popote, ziwa ndilo lililowafikia.

Watu hao walikuwa na mashairi. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, na sijamaliza.

Kila kitu katika mashairi yao kilisimama badala ya kitu kingine. Mvua ilikuwa uongo, maana nani atakunyeshea wakati umo ndani ya maji? Wavu ulikuwa Mungu. Kengele ya ng'ombe ilikuwa mtu aliyeondoka. Hayo niliyashika. Jivu ndilo lililonishinda. Lilikuwa kila mahali, na kila nilipouliza nilipewa maana mpya. Jumatatu jivu ni huruma. Alhamisi ni kitu unachokitamani na hujawahi kukiona, kwa sababu wanaokaa majini watalijuaje jivu? Siku nyingine alichoka nami: "Jivu ni jivu, bwana. Wewe unaulizaga sana!" Nilikuwa darasa la sita, nimezoea swali lenye jibu moja na tiki nyekundu. Nililia kwa hasira.

Yeye shule hakwenda. Alitunga kwa lugha yetu ya nyumbani, mimi nikageuza kwa Kiswahili na kuandika kurasa za nyuma za daftari langu la siasa, ambako niliamini hakuna mtu atakayefika. Moja lilianza hivi:

*Kengele imelia, ng'ombe hayupo.*
*Nimefungua mlango, maji yameingia na mgeni.*
*Mama, nipe jivu nilishike mkononi,*
*nami niseme niliwahi kukaa na moto.*

Mwalimu wetu alifika hizo kurasa. Alikuwa anasahihisha, akafunua, akafunua tena, akaniita ofisini. Nilijua leo ni leo.

"Haya umeyatoa wapi?"

"Nyumbani, mwalimu."

"Kwa wazee?"

Nikanyamaza. Mwalimu akachukua ukimya wangu akaufanya ndiyo. Uso ulimng'aa, maana barua ilikuwa imekuja kwamba kila shule ipeleke Musoma sanaa ya jadi, na sisi tulikuwa na ngoma moja tu iliyotoboka. Akasema nitakwenda mimi, nighani lile la kengele.

Kumwambia kaka ilibidi nijikaze. Hakukasirika. Aliweka wavu chini, jambo ambalo hakulifanyaga hata kwa chakula, akaniomba kitu kimoja.

"Ukifika huko, sema nimetunga mimi. Taja jina langu. Daftari la shule sikuandikwa. La shamba la kijiji wanaandikwa wenye kushika jembe. Hata ubatizo wangu katekista alisahau kuuandika. Mimi nataka mahali pamoja tu."

Nililamba kidole nikakinyoosha juu. Haki ya Mungu, nitasema.

Tulikwenda kwa lori lililokuwa linapeleka pamba, tumekaa juu ya marobota, tukafika tumejaa nyuzi kichwani kama bibi harusi. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mbele walikaa waamuzi watatu, na wa katikati alikuwa ofisa aliyevaa miwani na suti ya mikono mifupi. Kabla yangu alipanda kijana wa shule nyingine, mrefu, sauti nzuri ajabu. Akaghani, watu wakapiga makofi. Ofisa akamuuliza limetungwa na nani. Yule kijana akajigonga kifua: "Na mimi mwenyewe!"

Loo! Ofisa alivua miwani. Akasema hapa tumeomba mali ya jamii, hatukuomba mali ya mtu. Akasema kujigonga kifua ndiyo ubinafsi wenyewe tunaopigana nao. Shule yao ikafutwa mashindanoni palepale. Nilimwona mwalimu wao anainamisha kichwa, halafu nikamwona mwalimu wangu ananitazama mimi, anatabasamu, hana habari.

Nikapanda. Nilighani vizuri, sitajidai wala sitajificha. Kisha ofisa akasema, "Ndugu mwanafunzi, hili jivu lina maana gani?"

Kati ya maswali yote duniani! Huruma? Kitu usichokiona? Jivu ni jivu, bwana? Nikasikia sauti yangu inasema, "Ni wazee waliotutangulia." Sijui niliitoa wapi. Kaka yangu hakuwahi kusema hivyo hata siku moja.

"Vizuri sana. Na mtunzi wake nani?"

Jina la kaka yangu lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Naapa lilikuwa hapa.

"Halina mtunzi," nikasema. "Ni la wazee."

Tulishinda. Tulipewa mpira wa miguu na boksi la chaki. Ofisa alilinakili shairi kwa mkono wake, pamoja na maana nilizompa, akasema litafundishwa shule zote za mkoa.

Nilimkuta kaka palepale kwenye kigoda, amenyoa ndevu. Hilo la ndevu linaniumiza kuliko yote. Akauliza, "Umesema?" Nikamweleza kila kitu, kijana mrefu, miwani, kufutwa, huku kamasi zinanitoka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe," akasema. "Na mimi wamenitaifisha."

Akacheka. Mimi nami nikacheka, nikidhani nimesamehewa. Ila tangu siku hiyo nikimwomba habari za Watu wa Chini ananiambia wamehama, wamepelekwa kijiji cha pamoja, yeye hajui ni kipi. Sikujua kama ni utani. Nilisubiri warudi. Hawakurudi.

Miaka ikapita. Nilikuwa nimeshakuwa mwalimu Bunda, ile miaka ya kupanga foleni ya sukari, nilipokwenda Butiama kwenye msiba wa mama wa mwalimu mwenzangu. Asubuhi, tukiwa tunamenya ndizi, akina mama wakaanza kuimba. Waliimba kwa lugha yao, mimi naisikia nusunusu. Kengele imelia. Ng'ombe hayupo. Kisu kikanidondoka.

Nikamuuliza bibi aliyekuwa karibu nami, "Shikamoo bibi, huu wimbo ni wa nani?"

"Marahaba, mwanangu. Ni wetu."

"Nani aliutunga?"

Akanitazama kwa huruma, mwalimu mzima asiyejua kitu. "Hauna mtunzi. Ni wa wazee."

"Ni wa kaka yangu," nikasema. Nikataja jina lake, la kwake na la baba, kwa sauti, mara mbili. Wanawake wakageuka. Kisha mmoja akanishika bega akasema pole, akidhani nimefiwa na mimi. Yule bibi akaanza kunifundisha taratibu, kama mtoto: kengele ni mtu aliyeondoka, na jivu, unaona mwanangu, jivu ni wazee waliotutangulia.

Maneno yangu yaleyale. Uongo wangu wa darasa la sita, umezeeka, umeota mvi, unanifundisha mimi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Bukima. Kaka alikuwa anashona wavu, nywele zake nazo zimeanza kuwa nyeupe. Nilimweleza yote: Butiama, ndizi, bibi, na kwamba jina lake nimelitaja hatimaye, mara mbili. Aliuliza tu kama waliimba vizuri. Nikasema waliimba mpaka watu wakalia. Akatikisa kichwa.

"Kaka," nikamwambia, "nataka niandike maana ya kweli, na jina lako chini yake. Niambie basi. Jivu lilikuwa nini?"

Alivuta uzi, akaukata kwa meno, akafunga fundo.

"Mimi unaniuliza?" akasema. "Kawaulize wenyewe."