Mama Ursule Alivyomlilia Aliye Hai

Huku kwetu kwenye maporomoko ya Kisangani, matanga bila Mama Ursule hayajawa matanga. Mume wake, Papa Octave, anavua samaki. Mama mwenyewe kazi yake ni kuliza watu matangani. Waliaji wengine humsifu marehemu mpaka humtambui tena. Mama Ursule humtajia makosa yake: ulevi, uchoyo, jinsi alivyokuwa akikoroma kanisani. Watu hulia huku wakicheka, kwa sababu wanaona kabisa kwamba aliyeondoka ni yule yule wao. Mimi ni jirani yake, na nimeshamwomba anihurumie siku yangu ikifika. Amekataa.

Mwaka jana kitinda mimba wake, Josué, kijana wa miaka ishirini na kitu, alijiandikisha jeshini. Alirudi nyumbani anatabasamu kama bwana harusi. Mama hakugombana naye. Alitandika mkeka uani, akajifunga kitambaa kiunoni, akatuma watu watuite. Tukaja mbio, tukamkuta marehemu mwenyewe, Josué, anatupangia viti.

Nia ya mama ilikuwa wazi: amwaibishe asiende. Akaanza kulia. Huyu ndiye aliyekula samaki aliyepikiwa padri, akasema. Huyu ndiye aliyekimbizwa na bata hadi ndani ya maji, leo eti anakwenda vitani. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na Josué alicheka kutushinda sote. Kisha Mama Ursule akafika pale ambapo kila kilio chake hufika, akauliza, "Mutoto yangu, juu ya nini unatuacha?"

Swali hilo huulizwa maiti, na maiti hajibu. Josué alijibu.

"Mama, kila siku niko nabeba magunia ya batu ku bandari, na mangaribi hakuna mutu anajua jina yangu. Kule mashariki batu iko nakufa. Bon, hii nguvu yangu iko ya kubeba muchele tu?"

Papa Octave aliinama akafuta macho kwa shati mbele za watu, na hilo liliniuma kuliko kilio chochote nilichowahi kusikia. Mwishowe mama alikung'uta kitenge chake, akawaambia wanawake walete samaki na lituma, zile ndizi za kupondwa, maana matanga ni matanga, lazima watu wale. Josué alimaliza sahani mbili. Wiki ile ile akaondoka.

Siku hizi hupiga simu kutoka Ituri, huko mashariki, akipata mtandao. Jumapili iliyopita nilikuwepo. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, akauliza kama mama bado amemkasirikia. Mama Ursule akamcheka, akamwambia baba yake ni mzima na samaki wanaingia mitegoni vizuri.

"Josué," akasema, "matanga yako tulisha kulia. Yangu bado. Basi urudi, juu kama si weye, nani atasema makosa yangu?"