Roda na Panya Weupe wa Vwawa

Saa moja asubuhi, ukungu bado umetanda juu ya mibuni ya Vwawa, na Roda Nzunda ameshaingia kwenye kituo kidogo cha utafiti kilichoko nje ya mji. Anavaa glavu nene, anamkamata panya mweupe kwa ngozi ya shingo, anamgeuza na kumkagua tumbo.

"Huyu amekula vizuri," anasema, akimrudisha kizimbani taratibu kama anayelaza mtoto.

Panya hawa ndio kazi yake. Baadhi yao hunyolewa manyoya na kupakwa kemikali inayowasha ngozi. Baadaye wote huchomwa chanjo ileile, kisha damu yao hupimwa ili ijulikane ni nani ametengeneza kingamwili nyingi zaidi, yaani chembe za damu zinazokinga mwili na magonjwa.

Alipoacha shamba la kahawa Hasamba mwaka 1974, mama yake, Tabita, alipiga makofi kwa mshangao.

"Sisi panya wanatumalizia mahindi ghalani, wewe unakwenda kuwalisha?"

Roda alicheka, akaenda.

Mwanzoni alikuwa akipaka kemikali yeye mwenyewe. Siku moja chupa ilimponyoka, ikammwagikia mikononi. Alinawa, akasahau. Wiki chache baadaye tone dogo tu lilimgusa. Mikono ikavimba na kutoka malengelenge, hata kijiko kikamshinda kushika.

Daktari Ipyana, msimamizi wa utafiti, alitaka kumhamishia kwenye kazi ya kufua nguo za kituo.

"Ndugu Roda, ngozi yako imeshaijua kemikali hii. Kila ikikutana nayo itapigana nayo."

"Basi kupaka apake mwingine," alijibu. "Lakini panya msininyang'anye, daktari. Nimewalea mimi."

Daktari akakubali. Tangu hapo anayepaka ni mhudumu mwenzake, Fanueli. Roda analisha, anasafisha vizimba na kuwashika panya wakati wa kutolewa damu.

Mwaka jana majibu yakatoka. Damu ya panya waliopakwa kemikali kabla ya chanjo ilikutwa na kingamwili nyingi kuliko ya wenzao. Kilichoanzia kwenye ngozi kilikuwa kimefika mpaka kwenye damu.

"Nilitazama mikono yangu," Roda anasimulia. "Nikasema, kumbe jambo lililonitesa ndilo hilohilo tunalolichunguza! Siku ile nilirudi nyumbani kichwa juu."

Sasa jina lake limekubaliwa kwenye mafunzo ya wasaidizi wa maabara, Mbeya. Sare ameshashona.

"Leo namshika panya, damu wanapima wengine," anasema akifunga kizimba cha mwisho. "Nikirudi, nitaipima mwenyewe."