Gazeti la Kukalia

Karani wa bohari alilienzi gari lake mpaka wenzake kazini wakalibatiza bi mdogo. Mwaka wa pili sasa viti vilikuwa bado vimevaa nailoni za dukani, na ukikaa tu vinakulalamikia. Mkono wake haukutulia. Kwenye foleni hupangusa usukani, akiegesha hufuta vioo kwa kiganja. Watoto wake hupanda wamepakata viatu. "Tulinunua gari au sebule?" mkewe alishauliza hadi akachoka. Na yeyote aliyetoka kwenye kazi ya vumbi alitandikiwa gazeti, kwa sauti ile laini ya kumpokea mteja: "Subiri kidogo, nikuwekee hapa ukae vizuri."

Jumamosi alikwenda kumchukua baba yake, fundi muashi, ampeleke hospitali. Mzee alikuwa ameshaoga, shati limenyooshwa, viatu vinang'aa. Mlango ulipofunguliwa, akachomoa gazeti kwapani, lile lile alilotandikiwa safari iliyopita, akalitandika kitini na kulisawazisha pembe kwa pembe kama anayeweka kigae.

"Baba, leo acha tu."

"Usijali, mwanangu. Nimekuja nalo, usihangaike."

Akashika kioo, akajivuta ndani, akaketi bila kuegemea. Karani akafunga mlango taratibu, uso unamwaka kwa aibu. Kiganja cha mzee kilikuwa kimeacha alama kiooni. Alishamaliza kuifuta ndipo alipogundua kwamba, upande wa pili wa kioo, baba yake anamtazama. Mzee akaondoa macho, akaipakata mikono yake kama wajukuu wanavyopakata viatu.