Mbegu za Bibi Chencha

Bibi Chencha huamka akiwa tayari amechoka. Aliniambia mwenyewe, siku nilipomuuliza mbona hukaa kwanza pembeni mwa kitanda akiitazama miguu yake kabla ya kusimama. "Naiomba ruhusa," alisema.

Ni dada yake nyanya yangu, na ndiye mtu pekee mtaani kwetu, huku bonde la Cuicatlán, ambaye bado anapanda chilhuacle nyuma ya nyumba. Ni pilipili fupi, nene, inayoiva mpaka iwe nyeusi kama kahawa. Bila hiyo, mchuzi wetu wa mole haupati weusi wake wala harufu yake. Wengine waliacha zamani. Nzi weupe wakishaingia, majani yanajikunja kama ngumi, na zamu ya maji ya mfereji huja mara moja kwa wiki, kwa hiyo siku zilizobaki ni ndoo. Mimi hupita kwake nikitoka shule, na kumchosha zaidi kwa maswali. Msimu wa kupasua pilipili kavu vidole vyake vinawaka kutwa, hathubutu kugusa uso.

"Sasa jicho likiwasha, Bibi?"

"Nalikuna kwa kiwiko."

"Kiwiko hakifiki."

"Basi lisubiri."

Mwaka jana mashina arobaini tu ndiyo yaliyopona. Alichagua pilipili nzuri kuliko zote, akatoa mbegu, akazianika kivulini juu ya kitambaa, akazitia kwenye kibuyu na kukiweka juu ya rafu ya jikoni. Mbegu hizo alipewa na mama mkwe wake alipoolewa, na kila mwaka, ikifika Juni, amezirudisha ardhini. Nilimuuliza zikipotea itakuwaje.

"Zitakuwa zimepotea," alisema. "Hakuna duka linaloziuza."

Januari mumewe, Babu Fidencio, alitimiza mwaka tangu afariki. Ikawa misa, halafu mole kwa mtaa mzima. Wanawake walifika alfajiri, kila mmoja na aproni yake na kisu chake, na jiko likashikwa na Herminia, aliyemsimamia binti yake Bibi Chencha ubatizo, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Sasa, mole nyeusi ina kazi moja isiyokwepeka: mbegu za pilipili hazitupwi. Zinaunguzwa uani kwenye kikaango cha udongo mpaka ziwe mkaa, kisha zinasagwa pamoja na vingine. Moshi wake hufukuza hata mbwa.

Bibi Chencha alikuwa amepeleka maua kanisani. Aliporudi alitukuta sote ukutani, tunakohoa.

"Shoga, leo unataka kumfufua marehemu?" alisema akicheka, mtandio puani.

"Zilikuwa chache!" Herminia akajibu, machozi yanamtiririka. "Nikaongeza zile za kwenye kibuyu. Na wewe nawe, vitu vya mole unavificha juu huko kama dhahabu!"

Bibi Chencha aliacha kucheka. Aliingia jikoni, akatoka na kibuyu, akakigeuza. Hakikudondoka kitu.

Herminia akamtazama, kisha akakitazama kikaango.

"Usiniambie."

"Sikuambii."

"Chencha, haki ya Mungu, nilidhani..."

"Ulidhani ni za mole. Nani asingedhani? Koroga, zisishike."

Watu walikula, wakasifu, wakasema haijawahi kuwa nyeusi hivi. Walipoondoka, Bibi Chencha aliketi juu ya ndoo aliyoifudikiza. Nikamuuliza kama ana huzuni.

"Sijui," alisema. "Miaka arobaini na sita sijapata kupumzika mwezi wa Juni. Mwaka huu nitalala mpaka jua linichome."

Alisema hivyo polepole. Nilishindwa kujua kama ni uchungu au raha, na nadhani hata yeye hakujua.

Herminia alizunguka nyumba kwa nyumba. Kila alikobisha, pilipili walizonunua kwa Bibi zilikwisha kupasuliwa, kukaangwa na kusagwa. Jumamosi aliingia bila hodi, kiganjani ana pilipili moja iliyosinyaa, imejaa vumbi la unga.

"Ilikuwa chini kabisa ya pipa la mahindi la Mzee Anselmo. Ulimpa wewe mwaka juzi ya kuzuia fukusi."

Bibi Chencha aliitikisa karibu na sikio. Ilichakacha.

"Ya zamani hii. Nusu hazitaota."

"Na nusu nyingine?"

Nilidhani atamkumbatia. Badala yake alifumba macho, mabega yakashuka.

"Nilikuwa nimeanza kuzoea, Herminia."

"Mwanamke! Nimekuletea mbegu, unaninunia?"

"Umeniletea ndoo. Umeniletea nzi weupe. Umeniletea Juni nzima mgongoni."

"Maji nitabeba mimi."

"Wewe? Na goti hilo?"

"Basi tutachechemea wote, majirani wapate kucheka."

 Bibi Chencha aliipasua pilipili palepale mlangoni kwa kidole gumba, taratibu, akawa anazidondosha mbegu kwenye kiganja cha Herminia. Kisha akaniagiza majivu ya jikoni yaliyopoa, ya kuzipaka wadudu wasizile. Nikiwa nayachota nilimsikia akimkemea rafiki yake:

"Usiheme hivyo, zitapeperuka."